Mfumo wa maji ukivunja sheria Marekani: jinsi ya kufuatilia mpaka adhabu

Wengi wetu tulipohamia Marekani tulikuja na mazoea mawili kuhusu maji ya bomba: kuyachemsha, na kumlalamikia jirani. La kwanza linasaidia siku nyingine na kudhuru siku nyingine, kama utakavyoona hapo chini. La pili halijawahi kumtoza mtu faini.

Mwongozo huu ni wa ndugu anayeishi Columbus, Dallas, Louisville, au kwenye trela, yaani nyumba ya kuhamishika, nje ya mji mdogo wa Iowa, ambaye amekuta karatasi mlangoni inayosema maji yake yamekiuka kanuni. Ni wa yule pia ambaye hajaletewa karatasi yoyote, ila maji yanatoka na rangi ya chai. Mimi si wakili. Ni mtu wa kuwasaidia wenzangu kusoma barua za namna hii, na swali ninaloulizwa zaidi ni moja: "Sasa hawa wataadhibiwa na nani?"

Shika jambo moja tangu mwanzo. Katika sheria hii faini huja mwisho kabisa. Kabla yake kuna tarehe: saa 24, siku 30, miezi mitatu, siku 60. Mifumo mingi inayoandikiwa makosa huandikiwa kwa sababu haikupima kwa wakati au haikuripoti, siyo kwa sababu maji yalikutwa na sumu. Kwa hiyo anayetaka adhabu ifike lazima awe mtu wa tarehe na karatasi.

Hatua ya 1: Malizana na glasi kwanza

Sheria inaweza kusubiri hadi kesho, mtoto mwenye kiu hasubiri. Soma tangazo litaje tatizo ni nini, kisha fanya linalohusu tatizo hilo.

Likitaja bakteria wa E. coli, au likisema chemsha maji, yaache yatokote kwa nguvu dakika moja nzima, kisha yapoe. Ukiishi kwenye miinuko, kama sehemu nyingi za Colorado, fanya dakika tatu. Hayo ndiyo ya kunywa, ya kupigia mswaki, ya kuoshea matunda na kachumbari, na ya barafu.

Likitaja naitreti au madini ya risasi, usichemshe. Hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapotuponza. Moto unaua vijidudu, hauondoi kemikali; maji yakikauka sufuriani, risasi iliyokuwemo inabaki yote kwenye maji machache zaidi. Kikomo cha naitreti ni miligramu 10 kwa lita, ikipimwa kama nitrojeni. Ikizidi hapo, anayehatarishwa upesi ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo: damu yake inashindwa kubeba oksijeni na midomo inageuka bluu. Mtoto wa hivyo anakimbizwa hospitali wakati huo huo. Mengine yote unatumia maji ya chupa mpaka utangaziwe kwamba hali imerudi sawa. Kama tatizo ni risasi na una watoto wadogo, mwombe daktari kipimo cha damu. Watoto walio kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wanatakiwa kupimwa wakiwa na mwaka mmodi na wakiwa na miwili hata bila tangazo lolote.

Weka risiti za maji ya chupa kwenye bahasha moja. Utaona baadaye.

Hatua ya 2: Hakikisha maji yako yako chini ya sheria hii

Sheria inaitwa Safe Drinking Water Act, na katika barua zako itaje kwa jina hilo. Rais Gerald Ford aliitia saini Desemba 1974, ikarekebishwa kwa upana 1986 na 1996. Haiulizi kama mwenye maji ni jiji au ni mtu binafsi. Inachouliza ni maji yanahudumia watu wangapi. Mfumo wa mabomba unaohudumia watu 25 au zaidi, au wenye maunganisho 15 au zaidi, kwa angalau siku 60 za mwaka, ni mfumo wa umma. Uwanja wa trela wenye kisima chake umo. Kiwanda chenye kisima chake kimo. Shule ya shambani, kambi, hata kituo cha mafuta barabarani, vyote vinaweza kuwemo, ila masharti ya vituo vya wapita njia ni mepesi zaidi.

Walio nje ni wa namna mbili, na wote nimeona wakipoteza wiki nyingi kwa kulalamikia ofisi isiyowahusu. Wa kwanza ni mwenye kisima cha nyumbani kwake mwenyewe. Huyo sheria hii haimgusi, anapima maji kwa gharama yake. Wa pili ni mpangaji wa apatimenti inayopokea maji ya jiji, ambako mwenye nyumba anayapitisha tu kwenye mabomba yake bila kuyauza. Kwa kawaida jengo kama hilo halihesabiwi kuwa mfumo wa maji. Maji yakiwa safi barabarani na machafu jikoni kwako tu, kesi yako ni ya mkaguzi wa nyumba au idara ya afya ya kaunti. Jinsi ya kujua ni rahisi: muulize jirani wa jengo jingine mtaa huo huo.

Ukipata bili ya maji moja kwa moja kutoka jijini au kampuni ya maji, uko ndani ya sheria.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya mfumo na usome faili lake

Kila mfumo una namba inayoanza na herufi mbili za jimbo na kufuatiwa na tarakimu saba. Kwenye karatasi huandikwa PWSID. Iko kwenye ripoti ya mwaka ya ubora wa maji, ambayo mifumo yote ya makazi inalazimika kuwapa wateja kabla ya tarehe 1 Julai. Ikikosekana, piga simu ofisi ya bili uiulize. Hakuna sababu ya kukunyima.

Ukiwa na namba hiyo, fungua tovuti ya ECHO ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, kwenye echo.epa.gov. Andika namba, na ukurasa wa mfumo wako utakuja na robo za mwaka zimepangwa kama kalenda: ipi ilikuwa na kosa, kosa gani, na hatua gani ilichukuliwa. Piga picha ya ukurasa huo siku hiyo hiyo, tarehe ionekane. Kumbukumbu za ECHO hutoka majimboni na hufika zimechelewa, hivyo kosa la mwezi uliopita huenda lisiwepo bado. Usiseme "hakuna kosa", sema "halijaingizwa".

Hapo hapo kuna jambo ambalo watu wachache hulijua, nalo ndilo linaloamua nani anafuatwa. EPA huwapa wavunja sheria alama. Kosa la hatari ya papo hapo, kama kikomo cha E. coli au naitreti kupitwa, ni alama 10. Makosa mengine ya kiafya ni 5. Kutopima na kutoripoti kwa kawaida ni 1. Kisha kila mwaka kosa linapolala bila kushughulikiwa huongezwa alama. Mfumo ukifikisha 11 unaingia kwenye orodha ya kipaumbele, na jimbo linatarajiwa ama kuurudisha kwenye mstari ama kuuchukulia hatua rasmi ndani ya robo mbili za mwaka. Ndiyo maana vijikosa vya karatasi usividharau. Mfumo wenye kosa moja la kiafya na msururu wa vipimo vilivyorukwa unaweza kuvuka mstari bila hata bakteria mmoja kuonekana.

Hatua ya 4: Soma tangazo kama mkaguzi

Matangazo yana ngazi tatu, na kila ngazi ina saa yake.

Ngazi ya kwanza ni dharura: E. coli, naitreti, mlipuko wa ugonjwa unaotokana na maji, na tangu Oktoba 2024 risasi ikipita kiwango cha kuchukuliwa hatua. Watu waambiwe ndani ya saa 24, kwa redio, televisheni, kubandika mahali pa wazi au kupeleka mlango kwa mlango. Kutupia tu kwenye bili ya mwisho wa mwezi hakutoshi. Ngazi ya pili ni makosa makubwa yasiyo ya papo hapo: siku 30, na kurudia kila miezi mitatu kosa likiendelea. Ya tatu ni ya vipimo vilivyorukwa na mengineyo: mwaka mmoja, na linaweza kuingizwa ndani ya ripoti ya Julai. Baada ya kutangaza, mfumo una siku 10 za kulithibitishia jimbo kwamba umetangaza kweli, pamoja na nakala.

Chukua kalamu. Tangazo halali lazima liseme kosa ni lipi na lilitokea lini, madhara yake kiafya, nani yuko hatarini zaidi, kama utumie maji mengine, ufanye nini, wao wanafanya nini, wanatarajia kumaliza lini, na jina na simu ya wa kuulizwa. Lazima pia likuombe uwapashe wengine wanaokunywa maji hayo, na huo ni ujumbe kwa mwenye nyumba wako asilifungie karatasi ofisini. Weka alama kila kilichokosekana. Kutotangaza, au kutangaza nusu nusu, ni kosa la pekee yake, tofauti na lile la kwanza, na linahesabiwa kivyake.

Na lugha. Mahali penye idadi kubwa ya wasiojua Kiingereza, kama jimbo linavyopima, tangazo lazima liwe na maelezo kwa lugha yao kuhusu umuhimu wa tangazo hilo, au simu na anwani ya kupata tafsiri au msaada. Mara nyingi Kihispania ndicho kinachowekwa basi. Kama mtaa wenu umejaa Wakongo, Warundi na Watanzania, andikeni kwa mfumo na kwa jimbo mkiomba Kiswahili kiongezwe, mkitaja takriban kaya ngapi. Ombi la kaya nyingi lenye sahihi ni gumu kulipuuza kuliko simu ya mtu mmoja aliyekasirika.

Hatua ya 5: Liite kosa kwa jina lake

Ofisa wa jimbo akisikia "maji mabaya" hana pa kuanzia. Mwambie ni la aina gani: kikomo cha kemikali au bakteria kimepitwa, namna ya kutibu maji haikufuatwa, kwa mfano klorini haitoshi, kipimo kilirukwa au hakikuripotiwa, au tangazo halikutolewa.

Risasi ina mtego wake. Haina kikomo cha kawaida. Ina kiwango cha kuchukuliwa hatua, sehemu 15 kwa bilioni, kinachohesabiwa kwa sampuli za nyumba: zaidi ya asilimia 10 ya nyumba zikipita hapo, mfumo unalazimika kudhibiti kutu ya mabomba, kuelimisha watu, kubadilisha mabomba ya risasi. Kanuni iliyotolewa Oktoba 2024 ilishusha kiwango hicho hadi 10 na kuweka Novemba 2027 kuwa tarehe ya kuanza kufuatwa. Sasa sikiliza: kupita kiwango peke yake si uvunjaji wa sheria. Uvunjaji ni kutofanya yale yanayofuata. Watu wengi wamebwagwa hapa kwa kuandika "mna risasi nyingi, lipeni faini", wakati walichopaswa kuandika ni "mlipita kiwango tarehe fulani, na hadi leo hamjafanya hili na lile".

Hatua ya 6: Weka daftari, na kama unaweza, sampuli

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku maji yanapokuwa na shida andika tarehe, saa, bomba gani, la baridi au la moto, rangi, harufu, nani kaumwa. Saa iandike kwa mtindo wao. Ukipiga simu saa mbili asubuhi andika 8:00 AM. Nimeona daftari zuri la mama mmoja likitiliwa shaka kwa sababu saa zake zote zilikuwa za Kiswahili na kumbukumbu za simu za ofisi zilisema vingine. Zilikuwa nyuma kwa saa sita, kila mstari.

Ukipiga simu andika jina la aliyepokea na alichosema, kisha mtumie barua pepe fupi siku hiyo hiyo: "Leo tumezungumza, umenieleza kwamba…" Simu bila barua ni maneno tu.

Ukitaka sampuli, iende kwenye maabara iliyothibitishwa na jimbo kwa maji ya kunywa. Nyingine zote matokeo yake yatatupwa. Kwa bakteria watakupa kichupa kilichofungwa cha mililita 100, ndani mna unga kidogo au kidonge cheupe. Usikioshe na usikimwage hicho kidonge: kazi yake ni kuzima klorini ili maabara ione bakteria waliokuwepo ulipochota. Toa chujio la mdomo wa bomba, acha maji baridi yatiririke, jaza hadi mstari bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye barafu, na ufikishe maabara siku hiyo. Saa 30 zikipita hakifai. Kwa risasi ni kinyume kabisa. Maji yasiguswe kwa saa sita au zaidi, basi kinga lita ya kwanza inayotoka asubuhi, kabla mtu hajaoga wala hajavuta choo.

Omba pia kumbukumbu zao. Mfumo unatakiwa kutunza matokeo ya bakteria miaka mitano, ya kemikali miaka 10, ya risasi na shaba miaka 12, na nakala za matangazo miaka mitatu. Jimbo lina ripoti za ukaguzi wa mfumo mzima, ambao kwa mifumo ya makazi hufanywa kwa kawaida kila miaka mitatu. Ripoti hiyo ndiyo dhahabu. Mkaguzi huwa ameshaandika kwa mkono wake: tangi halina wavu, kisima kiko karibu na choo, mwendeshaji hana leseni. Unaipata kwa ombi la kumbukumbu za umma kwa idara ya jimbo.

Hatua ya 7: Lalamika kwa mpangilio

Anza na mfumo wenyewe, kwa maandishi, na uwape siku za kujibu. Kisha nenda kwa jimbo. Karibu majimbo yote ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia sheria hii kwa niaba ya taifa. Wyoming na jiji la Washington ziko moja kwa moja chini ya EPA. Ofisi inaweza kuwa ndani ya idara ya afya au ya mazingira, kutegemea jimbo. Ukishindwa kuijua, simu ya EPA ya maji salama ni 800-426-4791.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Namba ya mfumo juu. Kosa kwa jina lake na tarehe zake. Kisha maombi matatu tu: thibitisheni kama kosa hili limeingizwa kwenye kumbukumbu; nielezeni hatua gani ya kisheria imechukuliwa au itachukuliwa; nipeni nakala ya amri yoyote iliyopo. Ambatisha picha, nakala, majibu ya maabara. Hakuna haja ya kueleza uhamiaji wako, na kwenye fomu ya EPA ya kuripoti uvunjaji unaweza hata kutotaja jina.

Kuhusu EPA, sheria ina kifungu kizuri. Shirika likigundua mfumo umekiuka katika jimbo lenye mamlaka, huliarifu jimbo na mfumo. Siku ya 30 ikifika jimbo halijaanza hatua inayofaa, EPA inapaswa kutoa amri yenyewe au kwenda mahakamani. Kwa maneno mengine, nakala ya barua yako ikienda EPA ya kanda yenu, kuna mtu mwingine anayejua kuhesabu siku. Kwa uzoefu wangu barua yenye nakala hujibiwa upesi kuliko isiyo nayo.

Endelea kulipa bili. Kugoma kulipa kunakufanya wewe uwe mkosaji, na maji yanakatwa.

Hatua ya 8: Jua ngazi za adhabu, usidanganyike na namba

Kinachoanza ni barua ya kosa. Haina faini. Baada yake ni amri ya kiutawala, ambayo mara nyingi ni amri ya makubaliano: mfumo unasaini ratiba, mpango ndani ya siku kadhaa, mhandisi tarehe fulani, mtambo mpya mwaka fulani. Amri hii ndiyo karatasi ya maana kuliko zote, kwa sababu kuanzia hapo kila tarehe inayopita ni kosa lililokwisha kukiriwa. Omba nakala yake, ibandike kwenye friji.

Halafu faini. Kila jimbo lenye mamlaka lazima liwe na uwezo wa kutoza kiutawala, na kwa mifumo ya watu zaidi ya 10,000 kiwango hicho kisipungue dola 1,000 kwa siku kwa kila kosa. Mahakama ya taifa inaweza kwenda juu zaidi: sheria iliandika hadi dola 25,000 kwa siku kwa kila kosa, na kwa kuwa kiasi hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei, kufikia 2024 kilikuwa kimepita dola 69,000. Usirukeruke. Hicho ni kikomo cha juu. Jaji huangalia uzito wa kosa, idadi ya watu walio hatarini na mengineyo, na hutoza kidogo sana kuliko hapo. Pesa yenyewe huingia hazina, haiji kwenye bili yako.

Kwa kijiji cha kaya 40 faini kubwa ni ujinga. Watakaoilipa ni hao hao kaya 40. Ndiyo maana maofisa hupendelea ratiba, mkopo, au kuunganisha mfumo mdogo na wa jirani mkubwa, na sheria inaruhusu mfumo wenye mpango wa kuungana ulioidhinishwa usishtakiwe kwa hadi miaka miwili kwa makosa yanayotajwa kwenye mpango. Hilo nalikubali. Nisilokubali ni mmiliki wa viwanja vya trela kadhaa, anayekusanya kodi kila tarehe moja, kupewa huruma ile ile. Ukiandika barua, taja kama mfumo ni wa biashara na mwenyewe ana viwanja vingine.

Kuna mamlaka ya dharura pia. Maji yakihatarisha afya kwa uzito na karibu, na jimbo au mji haujachukua hatua ya kutosha, EPA inaweza kuamuru moja kwa moja. Flint, Michigan, mji ulihamia maji ya mto Aprili 2014 bila kudhibiti kutu, risasi ikatoka mabombani. Amri ya dharura ya EPA ilitoka Januari 21, 2016. Hesabu mwenyewe miezi iliyopita. Jackson, Mississippi, mtambo mkuu ulipoanguka Agosti 2022, Novemba mwaka huo mahakama ya taifa iliuondoa mfumo mikononi mwa jiji na kuuweka chini ya msimamizi wa muda.

Jela ni ya wachache. Kuchezea mfumo wa maji kwa nia ya kudhuru watu ni hadi miaka 20. Kujaribu au kutishia, hadi 10. Kughushi matokeo yanayopelekwa serikalini ni kosa la taarifa za uongo, hadi miaka mitano. Ng'ambo ya mpaka, Walkerton, Ontario, Mei 2000, watu saba walikufa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Ndugu wawili waliokuwa wakiendesha maji ya mji walikuwa wakijaza vipimo vya klorini vya kubuni. Mmoja alifungwa mwaka mmoja, mwingine kifungo cha nyumbani cha miezi tisa. Flint hata huko hawakufika: mashtaka dhidi ya maofisa wa serikali yalianguka baada ya Mahakama ya Juu ya Michigan, Juni 2022, kusema kwamba jaji mmoja hakuwa na mamlaka ya kuyafungua kwa njia ile.

Hatua ya 9: Siku 60

Ofisi zote zikinyamaza, sheria inampa mtu yeyote, ndilo neno lililomo, haki ya kumshtaki mvunjaji katika mahakama ya taifa. Kwanza unatoa notisi ya siku 60 kwa EPA, kwa mvunjaji na kwa jimbo. Siku zikiisha, na serikali haijafungua kesi na kuiendesha kwa bidii, unafungua. Hulipwi fidia katika kesi hii. Unachopata ni amri ya mahakama kwamba mfumo ufuate kanuni, na jaji anaweza kuagiza gharama za wakili wako zilipwe.

Usione ni ndogo. Viongozi wa dini wa Flint, pamoja na mkaazi mmoja na mashirika mawili, walitumia njia hii hii mapema 2016. Machi 2017 yalifikiwa makubaliano ya kubadilisha mabomba ya risasi ya maelfu ya nyumba kwa pesa za jimbo, chini ya jicho la jaji, na mji ulipochelewesha ratiba, Machi 2024 jaji aliutia hatiani kwa kudharau mahakama. Notisi yenyewe mara nyingi huamsha watu. Iandikwe na wakili. Kliniki za sheria za vyuo vikuu na mashirika ya msaada wa kisheria hufanya kazi hizi bila malipo.

Ukitaka fidia ya mtoto aliyeumia au ya ile bahasha ya risiti, hiyo ni kesi nyingine, chini ya sheria za jimbo, yenye muda wake wa kuisha. Dhidi ya jiji au kaunti muda wa kutoa taarifa ya madai unaweza kuwa wa miezi michache tu, kwa hiyo mwone wakili mapema hata kama malalamiko yako kwa jimbo bado hayajajibiwa.

Neno kwa wanaofanya kazi ndani ya mitambo ya maji, maana wako wenzetu wengi huko. Ukifukuzwa, ukishushwa cheo au ukipunguziwa saa kwa sababu uliripoti kwamba sampuli zinaghushiwa, sheria hii inakulinda, lakini malalamiko lazima yafike Wizara ya Kazi, kupitia OSHA, idara yake ya usalama kazini, ndani ya siku 30 tangu ulipoadhibiwa. Zinahesabiwa kuanzia siku ulipoambiwa, siyo siku ya mwisho kazini. Unaweza kulalamika kwa simu, na unaweza kufanya hivyo kwa Kiswahili: lugha yoyote inapokelewa.